Mkwe Wangu Mlangoni pa Mashine

Karakana ya fundi seremala iko Ng'ambo, inatazamana na duka la shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hakuna la kuhadithia. Barabara iliyo kati yao ni nyembamba. Mtu akipiga chafya dukani, wewe uliye karakanani unamwambia pole.

Pale karakanani, juu ya mbao zinazosubiri kupigwa randa, ndipo tunapokutana sisi wapiga picha. Si wale wa harusi na vitambulisho, wale wana kazi yao. Sisi ni watu wa kupenda tu. Yupo fundi mwenyewe, ana kamera nyeusi aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Yupo muuguzi anayekaa Isikizya, Mkatoliki, mwanamke mwenye sauti ya wodini, ndiye mwenyekiti wetu. Yupo kijana wa bodaboda ambaye hapigi kitu kingine ila mpira, kila kwenye mechi utamkuta nyuma ya goli. Wengine huja wakapotea. Na mimi, bibi niliyeishia darasa la nne, na simu yangu.

Mimi napiga barabara. Viatu mlangoni mwa msikiti, mzee na baiskeli yake ya mkaa, wanawake wanaosubiri maji huku wamenuna. Watu hunicheka, eti bibi badala ya kukaa na tasbihi yake anazunguka na simu. Tasbihi ninayo. Mji huu tangu enzi za misafara kazi yake ni kutazama wapitao. Babu wa bibi yangu alipita na mzigo kichwani kwenda pwani, na watu wa hapa walikaa vibarazani wakimpima kwa macho, huyu atafika, huyu hatafika. Sisi tumeongeza simu tu.

Tuna taratibu zetu. Picha ikishatiwa kwenye kundi la simu, kila mmoja anaikuza, anaitazama, anasema. Mwenye picha hasemi. Hata itukanwe vipi, ananyamaza mpaka wote wamalize. Hiyo sheria aliileta muuguzi. Nyingine ni yangu: picha ya mtu wa barabarani ikija, nauliza, "Umemwomba?" Kama hakuombwa, sipigi kura. Mwisho tunachagua picha moja, inasafishwa kubwa studio, na fundi anaipigilia kwenye mlango wa karakana, inakaa hapo mpaka tukutane tena. Mtaa mzima unaiona. Anayeiona kuliko wote ni shemeji, maana kila akiinua kichwa kwenye mizani yake anakutana nayo.

Mwaka huu mwanangu alifariki. Sitaandika mengi juu ya hilo. Aliacha mke na mtoto mmoja wa kike, yuko kidato cha pili. Wote wawili wanakaa kwangu, chumba cha uani.

Huyu mkwe wangu ni Mnyamwezi wa upande wa Sikonge, kwao ni wakulima, watu wa kanisa la Moraviani. Alisilimu alipoolewa. Ni mtu wa maneno machache, haendi kwenye vikundi vya wanawake, na mtaani wanamjua kwa kanga zake kuliko kwa sura. Mimi na yeye hatukuwahi kugombana, lakini sitasema tulikuwa tunapendana. Tulikuwa tunaheshimiana, basi.

Tulipomaliza matanga, shemeji alisimama katikati ya wanaume akasema maneno yaliyosikika mpaka jikoni. Alisema, "Mke wa marehemu aliingia dini kwa ndoa. Sasa tutaona kama atatoka kwa msiba. Akikaa eda yake kwa heshima, miezi minne na siku kumi, atabaki hapa na mtoto wake, na sisi tutamwita binti yetu. Akiivunja, arudi kwao. Mtoto atabaki kwa baba zake."

Wanaume waliitikia. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, sikusema kitu. Na kusema kweli sikuona ubaya. Mimi mwenyewe nilipofiwa nilikaa eda yangu barabara, hata dirishani sikuchungulia, nikaona na yeye atakaa tu. Alivaa nyeupe, akajitanda shuka jeupe, akakaa.

Mjukuu wangu ni mkimbiaji. Hilo amelitoa kwa baba yake, maana kwetu hakuna mwingine anayekimbia bila kufukuzwa. Baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka mazoezini alfajiri, na siku ya mashindano alikuwa akimsubiri mwisho wa mbio na chupa ya maji. Sasa ikaja siku ya mbio za wasichana wa shule za mjini, zinapita Ng'ambo zinamalizikia Chemchem. Asubuhi ile mkwe wangu alikuwa anasuka nywele za mtoto, anazifumua, anazisuka upya.

Nikamwambia, "Wewe kaa. Mimi nitakwenda."

Akasema, "Sawa, mama."

Nikaenda. Nikasimama kona ya kwanza, nikaiteremsha simu karibu na ardhi kwa sababu nilitaka miguu. Wasichana wote wale, vumbi, raba na wengine pekupeku. Niliipata miguu vizuri sana. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamkuta mkwe yuko uani anachambua mchele kama mtu ambaye hajanyanyuka tangu asubuhi.

Tulipokutana karakanani, miguu yangu haikusifiwa. Bodaboda alisema, "Bibi, hii picha inafaa duka la viatu." Nilinyamaza kwa sheria. Kisha fundi akaitoa ya kwake, nayo ilikuwa ya mjukuu wangu.

Lazima niwaeleze picha hiyo. Mtoto yuko peke yake mbele, wenzake wamebaki nyuma vumbini. Mdomo wazi, ngumi zimekaza, jua limempiga usoni. Nyuma yake ni ukuta wa mashine ya kusaga ya kule Chemchem, umepauka kwa unga, na katikati ya ukuta mlango uko wazi, mweusi tii. Wote walisifu. Muuguzi alisema mtoto ameshikwa pale pale ambapo miguu yote miwili haigusi chini, na hiyo si bahati.

Mimi nikasema, "Huo mlango unaimeza picha. Mtoto anakimbia, shimo linamfuata. Kama kuna kitu humo, kionekane. Kama hakuna, ukate."

Fundi alikuwa anatafuna penseli yake ile ya sikioni. Hakuruhusiwa kusema. Mtu huyu hakuwahi hata mara moja kushinda mlango wake mwenyewe. Kila tukikutana anapigilia picha za wenzake kwa misumari yake. Siku ile pia alipigilia ya bodaboda, golikipa amelala matopeni na mpira uko wavuni.

Tulipokutana tena, fundi hakuweza kutulia. Kabla muuguzi hajafungua kikao alishaitia picha kwenye kundi, simu zote zikalia kwa pamoja.

"Ileile?" bodaboda akauliza.

"Itazame kwanza," fundi akasema, kisha akaufunika mdomo wake kwa mkono.

Nikaivaa miwani. Ilikuwa ileile, lakini ameupandishia mwanga ule mlango. Siku hizi unaweza kuliteka giza la picha ukalitoa kama maji kisimani, na fundi alilitoa lote. Ndani ya mlango kulikuwa na gunia, mzani wa kupimia mahindi, na mwanamke. Amesimama nusu ndani nusu nje. Amejitanda jeupe. Mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, mwingine uko mdomoni, na macho yako kwa mtoto.

Sikuhitaji kuikuza. Mkono ule ndio unaonipa chai kila asubuhi.

Niliiweka simu mapajani, kioo chini.

"Yesu na Maria," muuguzi akasema taratibu. "Jamani, huyu mama. Hebu mwangalieni huyu mama."

"Kama malaika wa mashine," bodaboda akasema. "Fundi, umemficha wapi siku zote hizi?"

"Sasa picha ina watu wawili," muuguzi akaendelea. "Mwanzo ilikuwa picha ya mbio. Sasa ni picha ya mtu anayemtazama mtu. Mimi sijui ni nani yake, lakini ni mtu wake."

Kila walichosema kilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa linamsogeza mkwe wangu barabarani. Muuguzi haijui eda, na wale wengine hawakuujua uso. Fundi anaijua eda kuliko mimi, baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, lakini fundi alikuwa ametazama mwanga, hakumtazama mwanamke. Nilijua kwamba mtu mmoja tu mtaani kwetu angeujua uso ule kwa kutupia jicho, na nilikuwa nasikia mawe ya mizani yake yakigongana ng'ambo ya barabara.

Bodaboda akacheka. "Ajabu, leo bibi hajauliza!"

"Kuuliza nini?" nikasema.

"Umemwomba? Si ndiyo sheria yako? Au kwa kuwa ni mjukuu wako ndiyo imelala?"

"Leo nimechoka."

"Basi namuuliza mimi kwa niaba yako. Fundi, ulimwomba mama wa mlangoni?"

Muuguzi akampa fundi ruhusa ya kujibu hilo moja. Fundi akasema, "Nitamwomba vipi wakati hata sikumwona? Siku ile nilimwona mtoto tu. Huyu mama nimemkuta nyumbani, nikiwa nautia mwanga mlango kama bibi alivyoagiza. Nilishtuka mwenyewe. Bibi, ahsante."

Akaniinamia kichwa. Sikuwa na pa kuyaweka macho yangu.

Kama nikisema iondoeni, wataniuliza kwa nini. Kama nikisema hakuombwa, watasema basi tumtafute tumwombe, na bodaboda angeondoka palepale na simu mkononi, nyumba kwa nyumba Chemchem nzima, "Mnamjua huyu?" Kila njia niliyoifikiria ilikuwa inamwonyesha zaidi. Nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo hata kunyamaza kwangu kulikuwa kelele.

Hapo ndipo shemeji alipovuka barabara. Alikuja kuomba gundi ya mbao, mguu wa benchi lake umelegea.

"Asalaam aleikum, wapiga picha. Leo mmempiga nani?"

"Waaleikum salaam, mzee," bodaboda akajibu, na mkono wake ulishanyooka, simu imeelekea kwake. "Njoo uone maajabu ya fundi."

Nilisimama. Nilisimama vibaya, nikakanyaga ubao, ukainuka ukagonga debe la misumari, misumari ikamwagika chini yote.

"Bibi!"

"Shemeji," nikasema, "una mteja dukani."

Aligeuka. Kweli mtoto mmoja alikuwa amesimama pale na chupa ya mafuta ya taa. Mungu alimleta. Shemeji akachukua gundi yake akarudi, lakini alipofika katikati ya barabara aligeuka akanitazama, mimi niliyepiga magoti naokota misumari ambayo si yangu.

Wakapiga kura. Fundi alishinda mlango wake kwa mara ya kwanza. Alicheka kama mtoto, akafuta meno ya msumeno kwa shati lake. Alisema ataipeleka studio kesho. Nikajipa moyo kwamba nina usiku mmoja wa kufikiri, nikaenda nyumbani.

Nilimkuta mkwe anatandika mkeka wa swala ya magharibi. Mtoto alikuwa kisimani. Sikukaa.

"Siku ya mbio ulikwenda Chemchem."

Hakushtuka. Aliukunja mkeka, akaushika kifuani.

"Nilikwenda, mama."

"Nilikwambia ukae."

"Uliniambia."

"Ukasema sawa."

"Nilisema sawa, mama, na nilikaa. Kisha nikasikia filimbi kule barabarani. Nikafikiri, anakimbia kwa mara ya kwanza bila baba yake kumsubiri. Atafika mwisho atazame huku na huku, asimkute mtu. Nikapita uchochoroni mpaka pale mashineni. Mwenye mashine ni mama mtu mzima, alinificha ndani. Sikusema na mwanamume yeyote. Alipopita nikarudi."

"Mimi nilikuwepo!" nikasema, kwa sauti ya kuogofya, najua. "Mimi ni nani? Mimi si mtu?"

Aliuegemeza mkeka ukutani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mtoto alisema hakukuona uso, mama. Alisema alimwona bibi ameinama, anapiga miguu."

Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu eda ile ilikuwa ya mwanangu mimi. Nilimzaa. Nilitaka akaliwe eda mpaka siku ya mwisho, barabara, kama nilivyomkalia baba yake. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na hasira ya kweli na nikiwa naliona lile gunia, na ule mkono kwenye fremu. Alikuwa amesimama nusu ndani. Hata alipokuwa anavunja, alijizuia asitoke wote.

"Alikuona?" nikauliza.

"Aliniona. Ndiyo maana aliongeza mwendo."

Nikamweleza habari ya picha. Hapo ndipo alipokaa chini. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Watamchukua lini?"

"Hakuna aliyesema watamchukua."

"Baba mdogo alisema."

"Mimi sijasema."

Asubuhi nilitoka mara baada ya swala, nimfuate fundi kabla hajakwenda studio. Nilijiandaa kumwambia kila kitu. Fundi ni mtu mwenye siri, na angenielewa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote.

Nilipokata kona nikaona mlango wa karakana ukimeta. Picha ilikuwa tayari imepigiliwa. Fundi hakuweza kusubiri. Jioni ileile alikwenda studio, akamsihi mwenye studio amsafishie, na alfajiri akaipigilia kwa misumari yake mizuri, ile yenye kofia ya shaba. Ilikuwa kubwa kama meza ya chai. Ule uso mlangoni ulikuwa sawa na kiganja changu.

Na mbele yake alisimama shemeji, funguo mkononi, bawa moja la mlango wa duka lake liko wazi na jingine bado.

Hakugeuka. Hakuniamkia, na siku zote huniamkia.

"Shemeji, huyu nani?"

"Unamjua."

"Nataka useme wewe."

"Ni mkwe wangu."

"Yuko wapi hapa?"

"Mashineni, Chemchem. Siku ya mbio."

"Ndani ya eda."

"Ndani ya eda."

Aligeuka sasa. Si mtu mbaya, shemeji yangu. Alimzika kaka yake na akamzika mtoto wa kaka yake, na mtu akizika sana hushika kile kilichobaki kwa nguvu mpaka anakiumiza. Lakini siku ile macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulijua?"

Hapo alinifungulia njia ya kutokea, na alinifungulia kwa makusudi. Ningesema sikujua, mambo yote yangemwangukia yule mwanamke, na mimi ningebaki mama wa marehemu aliyedanganywa, watu wangenipa pole. Ilikuwa hata si uongo, kwa siku ile ya mbio. Nilijua pia kwamba nikijibu vingine sitarudi nyuma.

"Nimejua jana," nikasema. "Nimemuuliza, amenijibu, nimemsikia. Wewe hujamsikia."

"Nisikie nini? Mwanamke wa eda hutoka kwa haja. Dawa. Maji. Kesi. Haja gani ilimpeleka kwenye mbio?"

"Mtoto."

"Mtoto alikuwa na bibi yake!"

"Bibi yake alikuwa ameinama anapiga picha za miguu."

Watu walishaanza kusimama. Muuza maandazi ameweka ndoo chini. Fundi alitoka kwake na nyundo, uso umempauka, maana sasa ameelewa. Alikuwa anaitazama picha yake mwenyewe kama mtu anayeona moto nyumbani kwake.

"Mzee," akasema, "kosa ni langu. Mlango ulikuwa mweusi, mimi ndiye niliyeutia mwanga. Hakuna aliyemwona. Wallahi hata mimi sikumwona."

"Mungu alimwona," shemeji akasema.

"Basi mwachie Mungu," nikamwambia.

Yakamwingia, nikaona. Akanikaribia, sauti akaishusha, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. "Tulisema nini msibani, shemeji? Mbele ya watu wote?"

"Ulisema wewe. Wenzako wakaitika. Mimi nilikuwa na sufuria mkononi, hakuna aliyeniuliza. Sasa nasema. Mtoto haondoki kwa mama yake. Mama yake haondoki kwangu. Eda yake ataimaliza, na siku alizobakiza nitakaa naye mimi, mlango kwa mlango."

"Ile nyumba ni ya kaka yangu."

"Na kaka yako aliniachia mimi. Unataka kikao, kiite. Waite wote walioitika. Nitawaambia hivihivi, na sitakuwa nimeshika sufuria."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Shemeji alimtafuta kwa macho, hakumpata.

"Basi mimi," akasema, "mguu wangu hutauona tena uani kwako. Si Idi, si msiba."

"Nimesikia."

"Na ile siku mtoto anaolewa, msinitafute."

"Nimesikia, shemeji."

Alifungua bawa la pili la mlango wa duka, akalipiga ukutani likagonga. Fundi alipanda juu ya kigoda akaanza kuing'oa misumari. Hakuna aliyemwagiza. Aliing'oa mmoja mmoja kwa ncha ya nyundo, taratibu, asiipasue karatasi. Alipomaliza aliiviringisha picha, akaifunga kwa uzi, akanipa. Mlango ukabaki mtupu, na alama mpya za misumari pembe nne. Nilimwambia, "Ni picha nzuri." Akasema, "Najua, mama."

Kikao kilifanyika. Wanaume walikaa uani kwangu, mkwe alikuwa ndani nyuma ya pazia, mtoto nilimtuma mbali. Shemeji hakuja, alitamka hatakanyaga na hakukanyaga, lakini alimpa mtu maneno yake kwenye karatasi. Yakasomwa yote. Mmoja akasema eda ni eda. Mwingine, mzee kuliko wote, akauliza, "Alikwenda kucheza ngoma?" Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nilipopewa nafasi nilisema yaleyale niliyoyasema barabarani, wala sikuyarembesha. Walitoka bila kusema ndiyo na bila kusema hapana, wakasema tumwachie mama wa marehemu. Kwa wanaume wale hiyo ilikuwa ndiyo.

Sitasema mambo yalikuwa matamu baada ya hapo. Sukari na chumvi tulikuwa tunachukua kwa shemeji, sasa naenda mbali. Wake za wanawe wakinikuta sokoni wanakuwa na haraka. Na zile wiki zilizobaki nilikuwa mkali kwa mkwe wangu, mkali kuliko mwanzo. Kila akisogea mlangoni nilikohoa. Alivumilia. Picha nilimpa, akaiweka chini ya godoro, na sijui kama anaitazama.

Siku alipotoka eda alioga, akavaa kanga ya rangi ya machungwa, akanijia sebuleni nilipokuwa nimekaa.

"Mama, mtoto ana mbio tena wiki hii. Twende wote?"

"Twende."

Njia ya kwenda uwanjani inapita pale. Ningeweza kuzunguka kwa nyuma, na mkwe alinitazama tulipofika kona kuona nitageukia wapi. Sikugeuka. Tukapita katikati ya barabara, mimi huku, yeye kule, mtoto kati na raba zake shingoni. Karakanani randa ilinyamaza. Shemeji alikuwa barazani pa duka lake anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwona akituona, nikamwona akiinamisha kichwa kwenye ungo ule kama vile kuna dhahabu.

Mimi nilitazama mbele. Mkwe wangu alisema, "Shikamoo, baba mdogo," kwa sauti ndogo lakini iliyosikika. Haikuitikiwa. Tukapiga hatua mbili tatu.

Mtoto akasimama. Aligeuka, akarudi nyuma kidogo, akasema, "Shikamoo, babu."

Maharage yaliendelea kuanguka kwenye ungo. Kisha yakaacha.

"Marahaba," akasema. Kwa mtoto peke yake. Akavuta pumzi. "Kimbia vizuri."

Mtoto alirudi kwetu mbiombio. Mama yake akamshika mkono, nami nikawaambia wakaze mwendo, tumechelewa.